Mafungu Saba ya Mchinjaji

Katika mji wa Kasese, mtoto aliyetumwa nyama kwa mchinjaji wetu alirudi nyumbani amechelewa, na mama yake hakuhitaji kuuliza sababu. Vitunguu vilikuwa vimeanza kuungua, maji ya ugali yamechemka yakapungua, na mtoto bado amesimama mbele ya bucha akihojiwa. Nyama yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa na kufungwa katika jani la mgomba. Ila haikutolewa mpaka mteja aeleze amekuja kununua nini.

"Robo," nilisema mara ya kwanza, nikiwa binti wa askari polisi aliyehamishiwa Kasese, na Kiswahili changu kikiwa cha kambini.

"Robo ni nini?"

"Ni nyama kidogo, Mzee."

"Kidogo kwa nani, weye mutoto ya afande? Kwa baba yako ao kwa panya?"

Watu wazima waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nililia, jambo ambalo sijalisamehe kabisa hadi leo, ingawa nimekwisha kumsamehe yeye.

Jibu alilolitaka lilikuwa moja tu: robo ni kilo iliyogawanywa mara nne sawasawa, nawe umechukua fungu moja kati ya hayo manne. Ukilisahau neno "sawasawa", ulirudishwa mwanzo wa somo. "Kama haiko sawa, hiyo haiko robo," alikuwa akisema huku akigonga gogo kwa mgongo wa kisu. "Hiyo iko kipande. Kipande mutu yoyote anaweza kukata, hata fisi. Robo ni ahadi."

Nimefundisha hesabu za shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza sehemu kwa michoro ya duara zilizopakwa rangi, na vitabu vingine vinavyoeleza vitabu hivyo. Nakiri kwa shingo upande kwamba sijakutana na maelezo yanayoyapita yale, na kwamba yalitoka kwa mtu ambaye hakuweza kusoma ubao wa bei uliotundikwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe siku ya Ijumaa tu. Kabla ya kukata alifumba jicho moja kama anayelenga shabaha, na askari wa kambini hawakuchoka kumtania: "Mzee, adui iko upande gani?" Yeye alishusha kisu, akatupa nyama kwenye mizani ya kuning'iniza, na mshale ulipotulia pale pale alipotaka, aliutazama kwa huruma kama mtu anayemsikiliza mjinga aliyebahatika kusema kweli. "Hata yeye ameona," alisema.

Basi na tusimfanye malaika. Mtu huyu aliyejua kupasua kilo kwa jicho hakujua kabisa kupasua siku. "Nusu saa" yake ilikuwa na urefu wa kutosha kuoa, kujenga na kupata mtoto. Mama alimtuma mtu aulize utumbo uliokuwa umeahidiwa, akajibiwa nusu saa. Utumbo ukafika siku ya pili, nao haukuomba radhi. Nilipokuwa msichana mwenye ujasiri zaidi nilimuuliza nusu saa ina dakika ngapi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Saa naona ukutani," alisema. "Haiko kwenye gogo yangu. Kitu sijakata, siwezi kuapa."

Samaki wa Kahendero, kijiji cha wavuvi, hakuwala wala hakuwaheshimu. Alidai kwamba kichwa na mkia haviwezi kuwa nusu mbili za kitu kimoja, na kwamba wavuvi ni watu wema waliopotoshwa na umbo la bidhaa yao.

Nyongeza alitoa, tena kwa mkono mkunjufu, ila hakuiacha ipite kimya. Aliweka robo upande mmoja wa jani, na kipande cha ziada upande wa pili, akavionyesha kwa ncha ya kisu. "Hii ni robo, ni yako. Hii ni zawadi, ni yangu, nimekupa. Usichanganye. Ukichanganya, kesho utadai zawadi na utashukuru kwa haki." Nimewaona watu wenye shahada tatu wanaoishi katika mchanganyiko huo, wakishukuru kwa kilicho chao na kukasirika wanaponyimwa kisicho chao. Laiti wangalitumwa nyama mapema.

Mimi mwenyewe nilikuwa mbumbumbu wa sehemu. Nikiwa darasa la tano nilijumlisha nusu na theluthi kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: moja na moja juu nikapata mbili, mbili na tatu chini nikapata tano. Mbili ya tano. Mwalimu alichora msalaba mwekundu, akanichapa mara mbili, akaendelea na somo. Nilipofika buchani siku hiyo viganja vyangu vilikuwa vimevimba, na mchinjaji akataka kujua kosa. Nilimsomea hesabu kwenye daftari.

Alipangusa kisu chake. Kisha akachukua ini zima, akaliweka juu ya gogo.

"Nikikupa nusu ya hii, unafurahi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nikikuongezea theluthi juu yake, furaha inazidi ao inapungua?"

"Inazidi."

"Sasa angalia." Aliligawa lile ini mara tano, akasogeza vipande viwili kwangu. "Hii ndiyo mbili ya tano yako. Na hii," akavirudisha vipande pamoja, akaweka kisu katikati, "ndiyo nusu uliyokuwa nayo. Gani iko kubwa?"

Nusu ilikuwa kubwa zaidi. Hata mtoto aliyechapwa aliweza kuona.

"Unaona mambo yako? Umeongezewa nyama, umerudi nyumbani na kidogo! Theluthi imeingia kwa nusu kama mugeni, na usiku imeiba vyombo!"

Foleni nzima ilicheka, na safari hii nilicheka nao. Ndipo akatwaa ini jingine na kulikata mara sita. Nusu ikawa vipande vitatu, theluthi ikawa vipande viwili, na vyote pamoja vikawa vitano kati ya sita. "Usiongeze vitu vya ukubwa mbalimbali," alisema. "Kwanza kata mpaka vipande vyote viwe ndugu. Halafu ndiyo uhesabu." Ini la kwanza, lililokuwa limekatwa vibaya kwa ajili yangu, alilipeleka nyumbani kwake. Sikuwahi kusikia akilitaja.

Mizani mpya ya namba ilipoingia mjini, wafanyabiashara wenzake walimshurutisha ainunue. Aliiweka mezani kwa adabu, akaipa kilo moja kamili. Kisha akaikata kilo ile mara tatu, kwa jicho lake lile lile moja, na akapima kila fungu, watu wakimsomea namba. Gramu mia tatu thelathini na tatu. La pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimekuja kusalimia, na nikafanya kosa la kumjumlishia kwa sauti: gramu mia tisa tisini na tisa.

Aliinama akatazama chini ya meza. Akanyanyua mizani, akatazama chini yake.

"Iko wapi ile moja?"

Nilimweleza, kwa sauti ya mtu mwenye cheti, kwamba theluthi ikiandikwa kwa nukta haina mwisho, kwamba tatu inaifuata tatu milele, na kwamba mashine inapochoka huacha kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine inachoka."

"Kwa namna fulani, Mzee."

"Kisu yangu inamaliza." Akaipangusa mizani, akaifunika kitambaa, na kwa muda mrefu iliishi chini ya kitambaa hicho kama bibi harusi aliyekataliwa. Nilijua wazi kuwa hoja yangu ndiyo sahihi. Nilijua pia kuwa amenishinda.

Watu walidhani ukali huo ni mbwembwe za soko. Haukuwa mbwembwe. Mchinjaji alikuwa na hofu moja, naye hakuificha: kusimama mbele ya Mungu akiwa na nyama ya mtu mwingine mkononi, hata kama ni ya ukubwa wa ukucha. Hofu hiyo ilimkaba zaidi siku ya Idi ya kuchinja.

Kwa Waislamu wa Kasese, ambao wengi wao ni wachuuzi na madereva, na miongoni mwao familia chache za kambini kama yetu, si kila nyumba ilimudu mnyama. Dini inaruhusu watu saba washirikiane ng'ombe mmoja. Basi saba walijiandikisha, na kila mmoja alimiliki subui, yaani fungu moja kati ya saba. Kila subui nayo iligawanywa mara tatu nyumbani kwa mwenyewe: theluthi ya kula, theluthi ya jamaa na jirani, theluthi ya maskini. Mchinjaji alituuliza watoto maskini anapata ngapi ya ng'ombe kutoka nyumba moja, na wa kwanza kusema "moja ya ishirini na moja" alipewa figo kutoka buchani kwake. Nilikula figo miaka mitatu mfululizo. Huo ndio msingi wa taaluma yangu.

Mafungu yake hayakuwa ya uzito peke yake. Paja alilikata mara saba, mbavu mara saba, ini mara saba, hata mafuta, ili kila fungu liwe na kila kitu. Yalipokwisha kupangwa juu ya majani ya mgomba, aliyapa mgongo. Mtu mwingine alinyoosha kidole kwenye fungu lolote na kuuliza, "Hii ya nani?" Naye, akitazama ukuta, alitaja jina la mmoja wa wale saba. Hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba amependelewa wala ameonewa. Kama yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa saba, jina lake alilitaja mwisho.

Mwaka mmoja ofisa wa kambi alikuwa mshirika, na akapendezwa na fungu la katikati. "Mimi nachukua ile," alisema, akaanza kuinama.

"Afande," mchinjaji alisema bila kugeuka, "kambini uko mukubwa. Hapa uko moja ya saba."

Nilimwona baba yangu, ambaye cheo chake kilikuwa chini mno ya kile cha ofisa, akisoma mawingu kwa makini. Ofisa alisimama wima. Kidole kikanyooshwa, majina yakatajwa, na kwa kudra fungu la katikati likamwangukia yeye yule yule. Aliondoka nalo akiwa na uso wa mtu aliyepewa ushindi asioupigania.

Lakini ulikuwapo pia mwaka wa ndoano. Mafungu yalikwisha kugawanywa na watu wamekwenda zao, wengine mpaka Muhokya, mchinjaji aliporudi kuosha bucha akakuta kipande cha paja kinaning'inia nyuma ya pazia, kilikosahauliwa. Hakikutimia hata kilo. Mtu mwingine angekipika. Wengi wetu, tuseme ukweli, tungemshukuru Mungu kwa riziki. Yeye alikikata mara saba, kila subui ikawa ukanda wa nyama wa urefu wa kidole, akafunga kila mmoja katika jani lake, akapanda pikipiki.

Alipofika kwetu tulikuwa tumekwisha kula na kulegeza mikanda. Huko Muhokya, kama alivyotusimulia dereva wa pikipiki, mwenye nyumba alifungua jani, akatazama, akaangua kicheko.

"Mzee, umetoka Kasese kuleta hii? Hata paka yangu ataiangalia mara mbili!"

"Mupe paka," mchinjaji alisema. "Lakini kwanza iko yako."

Alirudi jua likizama, hajaonja Idi. Tangu mwaka huo, kila alipomaliza kugawa alizipapasa ndoano zote kwa mkono, moja moja, ingawa aliweza kuziona vizuri.

Miaka ilipita. Nilijua kuwa ameacha bucha na kuhamia Bwera, kwa binti yake aliyeolewa na dereva wa malori yanayovuka mpaka. Sikwenda kumwona. Mimi ninayewahubiria wanafunzi wangu kuhusu shukrani nilikuwa na udhuru wa kutosha, kila udhuru ukiwa na urefu wa nusu saa yake. Idi iliyopita kaka yangu, ambaye ana duka Bwera, aliniingiza katika ng'ombe wa washirika saba. Nilipofika uani nilimkuta mchinjaji ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia yake nyeupe, na macho yake yamefunikwa na ukungu mzito. Mwaka huo alikuwa haoni chochote ila mwanga.

Nilimsalimia. Alikamata mkono wangu, akaupima kidogo.

"Mutoto ya afande. Umekuwa kilo nyingi."

Nina mvi, nina wajukuu wawili, na katika shule ninayoiongoza walimu kumi na wanne huniogopa. Nilisema, "Ndiyo, Mzee."

Kisu alikuwa nacho mkwewe, yule dereva wa malori, mtu mzima mwenye subira. Mchinjaji hakuwa na raha. Alininong'oneza kuwa washirika wamekubali kugawiwa kwa sababu jina lake bado liko juu ya kazi hii, na kwamba hii ndiyo Idi yake ya mwisho kuisimamia. "Zamani nikikosea, nilikuwa na miguu ya kwenda Muhokya," alisema. "Sasa kosa itakaa palepale. Nitaenda nayo."

Mkwe alipanga mafungu saba, akayapima kwa mizani ya namba, akayasoma kwa sauti. Yote yalikuwa sawa. Mchinjaji akaomba aletewe. Beseni moja baada ya jingine liliwekwa magotini pake, naye akaingiza mikono, akapapasa, akanyanyua. Kwenye la tatu alisita.

"Hii iko na njaa."

"Baba, mizani inasema iko sawa na zingine."

"Mizani haina meno. Hii ni mifupa. Nani atakula mifupa, na nani atakula paja?"

Walitazama, nami nikatazama. Mfupa mzima wa muundi ulikuwa umefichwa chini ya mafuta, na fungu la sita halikuwa na mfupa hata mmoja. Wakayasawazisha: mfupa ukapasuliwa, vipande vikatawanywa, nyama ikarudi. Mkwe akapima tena, akaona namba zimepishana kidogo, akaguna. Mzee alipapasa. "Sasa iko sawa," alisema, na mkwe akaizima mizani kwa hasira ya heshima.

Mkwe alipokwisha kuyabadilishia mafungu nafasi, ili aliyeyapapasa asijue lipi liko wapi, mzee akasema, "Nigeuzeni."

Wanaume wawili walikinyanyua kiti pamoja naye, wakamwelekeza ukutani. Kijicheko kilipita uani. Mimi, niliyejifunza kuuliza maswali mbele ya bucha yake, sikuweza kujizuia.

"Mzee, huoni. Kugeuka ni kwa nini?"

"Mimi najua kama sioni," alijibu akiwa ameuelekea ukuta. "Hawa wote wanajua?"

Mkwe akanyoosha kidole: "Hii ya nani?" Mzee akataja muuza viatu. "Hii?" Akataja mjane wa dereva mmoja. Langu lilikuwa la nne, nalo lilitajwa "mutoto ya afande" mbele ya watu wote wa Bwera. La saba likawa lake. Watu wakaanza kufunga nyama zao, wakapeana mikono, na mwanamke mmoja wa Kikonzo aliyekuwa akingojea theluthi ya maskini akasema "wasingya", yaani asante, kwa kila aliyempa.

Mzee hakugeuka. Mkwe alishika kiti akitaka kukirudisha, naye akamzuia kwa kiganja.

"Mwalimu," aliniita. Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo. "Ndoano."

Niliingia kibandani walikochunia. Kulikuwa na ndoano nne zilizofungwa kwenye mti wa juu, na nilizitazama kutoka mlangoni.

"Ziko tupu, Mzee."

"Umegusa?"

Nilivuta kigoda. Nikapanda juu yake na gauni langu la Idi, nikashikilia nguzo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikaishika ndoano ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, moja moja, mpaka vidole vyangu vikateleza kwa mafuta.

"Nimegusa zote. Hakuna kitu."

Mabega yake mapana yalishuka taratibu.

"Basi nigeuzeni," alisema.